Matabaka 40 ambayo jicho haliyaoni

Sogea karibu na nguzo mojawapo ya Anne Truitt, mchongaji wa Marekani aliyepaka rangi masanduku marefu ya mbao. Inama mpaka jicho liwe sawa na uso wa rangi, kisha tafuta alama ya brashi.

Huioni.

Rudi nyuma hatua tatu. Nguzo imesimama sakafuni bila jukwaa, kimo chake kinakaribia cha mtu mzima, na rangi yake haionekani kama kitu kilichopakwa juu ya kitu kingine. Inaonekana kana kwamba imejaa mpaka ndani, na kwamba ukiipitisha msumeno utakutana na rangi ileile hadi katikati. Kumbe ndani ni sanduku tupu la mbao. Kilichopo ni ngozi nyembamba tu ya rangi, na ngozi hiyo imeundwa kwa matabaka ambayo hufika hata 40. Kila tabaka lilipakwa kwa brashi, likaachwa likauke, likapigwa msasa, ndipo lililofuata likaja juu yake.

Swali lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni la hesabu. Rangi nzuri ya akriliki hufunika uso kwa matabaka matatu, au matano ikiwa njano, ambayo ni dhaifu wa kufunika. Jicho huliona lile la juu kabisa.

Hayo mengine 35 yanafanya kazi gani?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba yanaonyesha subira, kwamba kupaka kwake kulikuwa namna ya ibada. Sijaweza kulikubali. Fundi anayetumia siku 35 kwa jambo lisilobadilisha chochote si mvumilivu, ni mtu asiyejua kazi yake. Truitt aliijua kazi yake. Kwa hiyo jibu lazima liwe ndani ya rangi na mbao zenyewe, na huko ndiko nimekuwa nikilitafuta.

## Usiku wa Novemba 1961

Truitt alizaliwa Baltimore mwaka 1921, akakulia Easton, mji mdogo wa jimbo la Maryland. Alisomea saikolojia, akahitimu mwaka 1943, akafanya kazi hospitalini Boston, kisha akaacha njia hiyo na kugeukia uchongaji. Kwa zaidi ya miaka kumi alifinyanga udongo, akamimina plasta na saruji, na kazi zile hazikumridhisha.

Novemba 1961 alikwenda New York, katika makumbusho ya Guggenheim, kutazama maonyesho ya wachoraji wa dhahania wa Marekani. Alikutana na picha za Ad Reinhardt, nyeusi kiasi kwamba unapaswa kusimama dakika kadhaa ndipo jicho lianze kutofautisha weusi mmoja na mwingine. Kisha akafika kwenye *Onement VI* ya Barnett Newman, iliyochorwa mwaka 1953: turubai la buluu lenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, limepasuliwa katikati na mstari mmoja mwembamba mweupe. Usiku ule karibu hakulala.

Kinachonivutia ni kile alichokifanya baada ya pale. Picha ilimgusa, lakini hakwenda kununua turubai. Alikwenda kununua mbao.

Kazi iliyotokana na usiku ule inaitwa *First*: mbao tatu zilizochongoka juu, zimeunganishwa kwa nyuma, zimepakwa nyeupe. Ni kipande cha uzio wa kule utotoni, uzio ambao kila mtu wa mji kama Easton aliupita kila siku. Ni kitu kidogo, hakifiki mita moja na robo. Lakini tayari shida nzima ya maisha yake ipo pale. Ubao una nyuzi zake, una vifundo, una ncha zinazokunywa rangi kuliko ubavu. Rangi ikiwekwa juu ya vitu hivyo inabaki kuwa rangi ya ubao. Yeye alitaka kinyume chake, yaani ubao uwe mahali pa rangi kusimama.

Hilo halipatikani kwa kutaka tu.

## Sanduku kwanza

Mwaka 1962 alikodi karakana Twining Court, mjini Washington, nyumba ya zamani ya magari ya farasi, na kazi zake zikawa kubwa ghafla. *Insurrection* ya mwaka huohuo ina kimo cha karibu mita mbili na nusu: ubao mmoja mkubwa uliosimama, wekundu wa aina mbili ubavu kwa ubavu, na tegemeo kwa nyuma. Kwa ukubwa huo alianza kuchora michoro ya vipimo na kumpa seremala aunde, kisha yeye akapaka. Wapo waliomlaumu kwa kutounda mwenyewe. Lawama hiyo haina uzito kwangu, maana kazi yake huanza pale seremala anapoweka randa chini.

Ila sanduku likikosewa, matabaka 40 hayataliokoa.

Mbao hupumua. Ubao mzima wenye upana wa sentimita 20 unaweza kutanuka na kusinyaa milimita 2 au zaidi kati ya miezi yenye unyevu na miezi mikavu, na mwendo huo wote ni wa kukata nyuzi, karibu hakuna wa kufuata urefu wake. Ukiunganisha mbao nne kama hizo kuwa nguzo, viungo vitafunguka. Rangi iliyo juu ya kiungo itavutika kwa muda, kisha itapasuka kwa mstari mmoja mnyoofu kutoka juu mpaka chini, nao mstari huo utaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Ndiyo maana plaiwudi ilimfaa. Plaiwudi ni karatasi za mbao zilizogundishwa, nyuzi za moja zikielekea juu na za inayofuata zikielekea pembeni. Kila karatasi inamzuia jirani yake kutanuka. Ubao unaotokana nao hautulii kabisa, lakini mwendo wake ni mdogo kiasi cha rangi kuuvumilia.

Nguzo ni tupu ndani, na hilo nalo lina masharti yake. Hewa iliyofungiwa hutanuka joto likipanda na husukuma viungo, kwa hiyo vitundu vya kupumulia huachwa chini, mahali pasipoonekana. Chini pia huwekwa uzito, la sivyo nguzo ya upana wa sentimita 20 na kimo cha mita moja na nusu huanguka kwa kugongwa na kiwiko. Halafu kuna kitako kidogo kilichoingizwa ndani kuliko kuta za nguzo. Hicho huinyanyua kidogo tu kutoka sakafuni na kuacha kivuli chembamba pande zote, ili rangi ishuke mpaka mwisho bila kugusa ardhi. Kivuli hicho ni kidogo na ndicho kinachofanya nguzo ionekane kama inaelea. Pia kinalinda. Bila kitako hicho, maji ya kupigia deki yangepanda kwenye ncha za plaiwudi katika mwaka wa kwanza.

## Kunyamazisha nyuzi

Juu ya mbao hakuanza na rangi. Alianza na jeso, ule mchanganyiko mweupe mzito wenye chaki ndani yake.

Hatua hii mafundi wengi huiharakisha, na madhara yake huja kuonekana wiki tatu baadaye. Tabaka la kwanza la jeso lina maji, na maji huzisimamisha nyuzi za mbao kama nywele za mkono wakati wa baridi. Ukipapasa utahisi ukwaruzo hata kama ulilainisha vizuri kabla. Hapo unapiga msasa namba 120 au 150, kufuata nyuzi, kisha tabaka la pili, kisha namba 180, kisha la tatu na namba 220. Ncha za ubao, pale nyuzi zinapoishia, zinakunywa mara mbili au tatu zaidi ya ubavu. Zipewe tabaka za ziada peke yake kabla uso wote haujapakwa pamoja, la sivyo zitabaki kavu na zenye kivuli hata chini ya rangi nyingi.

Namna ya kujua kama uso uko tayari ni kuzima taa za juu na kuweka taa moja pembeni, karibu kabisa na uso, mwanga ukipita mlalo. Kila kishimo kitatoa kivuli. Mchana kweupe uso huohuo ulionekana mkamilifu.

Jeso ina tabia nzuri: ikipigwa msasa huwa vumbi. Akriliki yenyewe haina tabia hiyo, na hapa ndipo matatizo yanapoanza. Akriliki ni plastiki. Ukiisugua ikiwa haijakauka vizuri, au ukiisugua haraka mpaka ipate joto, inalainika, inajiviringa kama makombo ya kifutio na kuziba msasa. Kombo moja likinaswa chini ya karatasi huchora mkwaruzo wa urefu wa mkono mzima. Kwa hiyo unangoja. Tabaka jembamba hukauka kwa kuguswa ndani ya nusu saa, lakini kwa msasa lingoje mpaka kesho yake, na siku za unyevu mwingi lingoje zaidi. Chini ya nyuzijoto 10 hivi akriliki nyingi hazishikani ipasavyo. Zinaonekana zimekauka, kumbe ni unga ulioegemeana. Msasa wa matabaka haya ni namba 320, 400, mpaka 600, na wengi huulowesha kidogo ili usipate joto.

## Kulala na kusimama

Nimefika kwenye kile kilichonibadilisha mawazo.

Truitt alipaka tabaka moja kwa kuipeleka brashi wima, na lililofuata kwa kuipeleka mlalo. Wima, msasa, mlalo, msasa. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Kwa muda mrefu nililichukulia hili kama adabu ya kawaida ya kupaka, kama vile mtu anayepiga deki kwa kukatisha njia. Lakini fikiria kinachotokea ukipaka matabaka yote kwa upande mmoja. Kila unywele wa brashi huacha mfereji na tuta. Tabaka la pili linaposhuka kwa njia ileile, rangi hukaa kwenye matuta yaleyale. Kufikia la kumi umelima shamba. Mwanga ukigonga uso huo hauenei. Unateleza kufuata mistari, kama unavyoteleza juu ya chuma kilichosuguliwa upande mmoja. Mtazamaji hawezi kukuambia anaona nini, lakini macho yake yanajua kwamba uso una juu na chini, una kwenda na kurudi. Anaona mkono uliopita pale.

Tabaka linalokatisha hujaza mifereji ya lililotangulia, na msasa huondoa vichwa vya matuta. Halafu linalofuata hujaza mifereji mipya. Haikamiliki kwa mara mbili wala kwa mara sita. Kila mara mfereji unakuwa mfupi zaidi, na mwanga unapoteza njia ya kufuata kidogo kidogo. Mwisho uso hauna upande. Mwanga ukifika unatawanyika sawa kila mahali, na rangi ikikosa upande inaacha kuonekana kama ngozi.

Ni plaiwudi.

Nilipoliona hilo sikuweza kuacha kuliona. Seremala amekata nyuzi za mbao kwa nyuzi za mbao ili sanduku lisiwe na upande wa kutanukia. Mchoraji juu yake anakata nyuzi za brashi kwa nyuzi za brashi ili rangi isiwe na upande wa kuelekea. Yale matabaka 35 niliyokuwa nikiyauliza hayakuwepo kwa ajili ya kufunika. Yalikuwepo kwa ajili ya kufuta, kwanza mbao, kisha brashi, na mwishowe mkono ulioshika brashi.

## Rangi isiyosema leo

Kuna sababu ya pili, na kila anayetumia akriliki anaijua kwa maumivu.

Akriliki mbichi ina weupe wa maziwa, kwa sababu gundi yake ikiwa na maji huwa nyeupe. Ikikauka weupe huondoka na rangi hukolea. Buluu uliyoichanganya leo asubuhi siyo buluu utakayoikuta kesho. Ukichanganya kwa kulinganisha na jicho, ukipaka, ukaridhika, umeridhika na kitu ambacho kitatoweka baada ya saa moja.

Kwa anayepaka matabaka matatu hilo ni kero. Kwa anayepaka 40 linageuka kuwa mbinu, maana kila tabaka ni swali linalojibiwa kesho yake. Leo nguzo imekauka na wekundu umeelemea udongo. Kesho anaongeza tone la rangi ya waridi. Keshokutwa imepoa mno. Na kwa sababu matabaka ni membamba, la chini halizimiki kabisa, linachungulia. Zambarau iliyokaa juu ya buluu hafifu si sawa na zambarau hiyohiyo iliyokaa juu ya nyekundu, hata kama chupa ni ileile.

Wembamba huo nao una mpaka. Ukitaka rangi iteleze, unaongeza maji, lakini maji yakipita kama robo au theluthi ya rangi, gundi inakuwa chache kuliko unga. Tabaka linakuwa la chokaa, msasa unalichuna lote, na linalofuata linaweza kulinyanyua. Baada ya kiasi hicho huongezi maji tena, unaongeza ile gundi tupu ya akriliki.

## Hesabu ya nguzo moja

Chukua nguzo ya kimo cha sentimita 150 na upana wa sentimita 20 kila upande. Kuta nne ni mita 1.2 za mraba, na juu kidogo. Mara 40, umepaka takriban mita 50 za mraba kwa brashi ya mkono, na umezipiga msasa karibu zote. Hiyo ni sawa na kuta za chumba kikubwa, ila hapa, tofauti na chumba, hairuhusiwi kosa hata la upana wa kucha.

Tabaka likikauka tuseme lina unene wa sehemu ya ishirini ya milimita. Bila msasa 40 zingefika milimita 2. Msasa unakula sehemu kubwa. Mwezi na zaidi wa kazi unaishia kwenye unene wa ganda la yai au mbili.

Na siku 40 ni kama rangi ni moja na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana mchoraji wa aina hii hawezi kuwa na nguzo moja tu karakanani. Moja inakauka, moja inapigwa msasa, nyingine inasubiri uamuzi.

## Kona

Nguzo zake nyingi hubeba rangi zaidi ya moja, na mipaka ya rangi ndiyo sehemu anayoifanyia uchokozi. Mkanda mwembamba unazunguka karibu na kitako. Upande mmoja una kijani ambacho ukikunja kona kinakuwa kijani kingine, tofauti kidogo tu, mpaka unarudi nyuma kuhakikisha. Hapo uchongaji na uchoraji vinashikana: kona ni ya sanduku, mpaka ni wa rangi, na si lazima vikutane. Huwezi kuiona nguzo yote kwa mara moja. Unapozunguka, rangi uliyoiacha nyuma inabaki kwenye kumbukumbu na kugombana na unayoiona.

Kiufundi kona ni mahali pabaya kuliko pote. Msasa hula kona kwanza, kwa kuwa uzito wote wa mkono unaangukia kwenye mstari mmoja. Pasi mbili za ziada na jeso nyeupe inachungulia. Kona kali kama wembe haishiki rangi kabisa. Rangi mbichi hujikunyata na kuikimbia. Inabidi kona ipunguzwe makali kidogo mno, nusu milimita hivi, kiasi cha rangi kupata pa kukaa na jicho kuendelea kuamini kwamba ni kali.

Kwenye mipaka hutumika utepe wa karatasi wenye gundi. Rangi hupenda kupenya chini yake. Dawa ni kupaka kwanza ukingo wa utepe kwa rangi ileile iliyoko chini, au gundi tupu isiyo na rangi. Ikipenya, inapenya isiyoonekana, na njia inazibika. Ndipo rangi mpya inakuja. Utepe unaondolewa kabla rangi haijakauka kabisa, kwa kuuvuta kwa kuukunja nyuma, taratibu. Ukichelewa, ngozi ya akriliki imeshaungana na utepe na itang'oka nayo. Lakini matabaka mengi kwenye upande mmoja wa utepe hujenga ngazi. Kidole kinaihisi na mwanga wa pembeni unaionyesha. Kwa hiyo rangi zote mbili zinapaswa kupanda pamoja, tabaka kwa tabaka, na utepe unabandikwa upya kila mara.

Sijui kazi nyingine ya dhahania inayodai usahihi wa namna hii kwa jambo ambalo mtazamaji hatalitaja.

## Tokyo, na kile alichokivunja

Kati ya mwaka 1964 na 1967 aliishi Tokyo, akafuatana na mume wake aliyekuwa mwandishi wa habari. Huko aliacha mbao akatumia alumini.

Kwenye karatasi ulikuwa uamuzi wa busara. Alumini haipumui, haina nyuzi, haina ncha zinazokunywa rangi. Kila tatizo nililoliandika hapo juu linaondoka. Tena ndio mwelekeo uliokuwa ukishika kasi Marekani. Mchongaji Tony Smith alikuwa ameagiza mchemraba wake wa chuma, *Die*, kwa simu mwaka 1962, na mwenzake Donald Judd kuanzia mwaka 1964 alipeleka kazi zake kwa mafundi wa bati. Kuunda bila mkono kulikuwa hoja yenyewe.

Truitt alizitazama kazi zile akaziona hazina uhai. Baadaye aliamuru karibu zote ziharibiwe.

Nilikwama hapa, kwa sababu kama lengo lake lilikuwa kuufuta mkono, alumini ilimpa uso ambao mkono haukuwahi kuugusa. Bunduki ya kupulizia rangi ingemaliza kazi ya siku 40 kwa mchana mmoja. Kwa nini basi hakuridhika?

Naona tofauti iko katika kufuta na kutokuwepo. Rangi iliyopuliziwa juu ya bati hukaa juu ya bati. Matone yake hutua na kutandaa yenyewe, yakaacha uso wenye vijishimo kama ganda la chungwa au wenye kung'aa kama mlango wa gari, na kwa namna yoyote jicho linakomea pale na kusema: rangi, chini yake chuma. Uso uliokatishwa na kupigwa msasa mara nyingi una vijiuso visivyohesabika vinavyotazama kila upande. Jicho halipati pa kukomea. Na mbao hunywa tabaka la kwanza, kwa hiyo hakuna mahali unapoweza kusema rangi imeanzia hapa.

Alirudi Washington na kurudi kwenye mbao. Nguzo nyembamba ninazozizungumzia zilichukua umbo lao katika miaka iliyofuata, na hakuziacha mpaka kifo chake Desemba 2004. Kushindwa kwa alumini, kwangu, ndiko kulikomfanya ajue alichokuwa akikifanya.

## Maneno yaliyomfuata

Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalikuwa New York mwaka 1963, kwenye ukumbi wa sanaa wa André Emmerich. Clement Greenberg, mhakiki aliyesikilizwa kuliko wote, alimtetea baadaye kama mmoja wa waliotangulia kufika kwenye sanaa ya umbo tupu (minimalism), lakini katika makala yake ya mwaka 1968 alimweleza pia kama mama wa nyumbani mwenye watoto watatu. Upande mwingine waliona rangi zake ni laini mno kwa sanaa iliyotaka kuwa ngumu. Mwaka 1966 alikuwa kwenye maonyesho ya *Primary Structures* katika makumbusho ya Jewish Museum, New York, pamoja na wale wa chuma na bati, na hakuwa mwenzao.

Halafu akawapa sababu zaidi ya kumshangaa. Kuanzia mwaka 1973 alichora mfululizo alioupa jina *Arundel*: turubai nyeupe, mistari michache ya penseli, na rangi nyeupe juu ya nyeupe. Zilipoonyeshwa Baltimore mwaka 1975, magazeti ya mji wake wa kuzaliwa yalizikejeli. Naelewa kilichowaudhi. Picha ya gazeti haiwezi kuchapa nyeupe juu ya nyeupe. Msomaji aliona mstatili mtupu. Lakini anayesimama mbele yake ukutani anaona ukingo wa rangi nyeupe ukiinuka kidogo juu ya jeso, na mstari wa penseli ukipita ukafifia. Ni ile ngazi ya utepe aliyoipiga vita kwenye nguzo. Hapa ameiacha iwe ndiyo picha yenyewe.

## Doa

Akriliki haiwi ngumu kabisa kwenye joto la chumba. Inabaki laini kidogo, miaka na miaka, na uso wake usio na vanishi hushika vumbi na mafuta ya ngozi. Nguzo hazina jukwaa wala kioo. Zinasimama pale watu wanapopita na mabegi, fagio na watoto.

Mchubuko kwenye picha ya kawaida huzibwa kwa brashi ndogo. Kwenye uso wa Truitt huwezi. Kiraka hata kikilingana kwa rangi hakitalingana kwa mwanga, maana mahali pale patakuwa na upande, palipobaki hapana. Fundi wa kutunza kazi hizi analazimika kuchagua kati ya kuacha jeraha na kupaka upya upande mzima, kona kwa kona, kwa kukatisha na kupiga msasa. Akipaka, upande ule si wake Truitt tena. Wengi huacha.

Alama ya kidole ni mbaya zaidi. Siku ya kwanza haionekani. Mafuta yanaingia polepole kwenye vijiuso, vumbi linakuja kuyafuata, na baada ya miezi inajitokeza mng'ao mdogo wa duara kwenye kimo cha bega, mkono pekee unaoonekana kwenye nguzo nzima.